Rafiki yangu ana ekari 150 bonde la Ruvu na anataka kujenga uwanja wa mbio za magari: tuhesabu kabla hajamwita mkandarasi

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Nimefanya kazi za barabara kwa miaka mingi, zaidi upande wa udongo na lami. Mwezi uliopita rafiki yangu mmoja, ambaye biashara zimemwendea vizuri na ambaye anapenda magari kuliko anavyopenda kulala, alinipeleka kuona shamba lake la ekari 150 lililo kando ya Mto Ruvu. Alipanda juu ya kichuguu, akanyoosha mkono, akaniambia kwamba pale ndipo itakapokuwa kona ya kwanza. Hesabu alikuwa amekwisha kuipiga: kilomita 3 za lami, mara bei ya kilomita moja aliyoisikia kwa mtu, akaongeza kidogo kwa ajili ya uzio na vyoo. Alichotaka kwangu ni kumthibitishia jumla tu.

Sikumthibitishia. Nilimwomba muda, na nimefungua uzi huu ili watu wa fani nyingine mnikosoe kabla sijamrudia. Msimamo wangu ni kwamba katika uwanja binafsi wa mbio, lami ndicho kitu kinachohesabika kwa urahisi kuliko vyote, na kwa sababu hiyo hiyo ndicho kinachompoteza mwenye pesa. Fedha nyingi humezwa na udongo ulio chini ya lami, na maji, na majirani, na zile siku za mwaka ambazo geti limefungwa na hakuna anayelipa kiingilio.

Naanza na mmoja wa watu wa kwanza kabisa kulipitia jambo hili. Hugh Locke King alikuwa mwenye ardhi huko Weybridge, katika jimbo la Surrey, Uingereza. Alirithi mali, na hakuwa dereva wa mbio. Mwanzoni mwa karne iliyopita sheria ya nchi yake haikuruhusu gari kuzidi maili 20 kwa saa barabarani, yaani kama kilomita 32, ilhali Wafaransa na Waitalia walikuwa wakifunga barabara zao na kushindana, hivyo viwanda vya Kiingereza havikuwa na mahali pa kuyajaribia magari kwa kasi. Locke King aliamua kupajenga mahali hapo katika shamba lake, kwa fedha zake. Wazo la kwanza lilikuwa njia ya kawaida inayopita kati ya miti. Kisha akaitwa mtaalamu, Kanali Holden wa kikosi cha mizinga, naye akaeleza kwamba gari likitakiwa kuzunguka kwa kasi ya juu bila kupunguza mwendo, basi kona lazima ziinuliwe kama ukingo wa bakuli. Yeyote aliyewahi kujenga hata nyumba ya vyumba viwili anaifahamu siku hiyo ambayo mtaalamu anafika na kusema "basi lazima".

Uwanja huo, ulioitwa Brooklands, ulitoka kwenye karatasi ukiwa na mzunguko wa kilomita 4.43, upana wa mita 30, na kuta za kona zilizopanda karibu mita 9. Kazi ilianza mwishoni mwa mwaka 1906 na ufunguzi ukafanyika tarehe 17 Juni 1907, jambo ambalo hata leo, pamoja na mashine zote tulizo nazo, ningeliita haraka ya kutisha. Mto Wey ulipita ndani ya ramani, kwa hiyo sehemu ya ukingo ililazimika kujengwa juu ya daraja la zege. Gharama ilifika takribani pauni 150,000, fedha ambayo kwa wakati ule ilitosha kumwangusha tajiri yeyote. Locke King aliugua kwa msongo na kukaribia kufilisika, na aliyeushika usukani wa fedha ni mkewe, Ethel, kwa msaada wa mikopo kutoka kwa jamaa zake. Siku ya ufunguzi ni huyo mama aliyeongoza msafara wa magari akiendesha gari lake aina ya Itala, na kwa maoni yangu alistahili.

Sasa tazameni lililotokea baada ya sherehe. Njia ilijengwa kwa zege kwa sababu lami ya wakati ule isingeweza kutandazwa na kushindiliwa juu ya mteremko mkali namna ile. Zege liliwekwa juu ya udongo uliojazwa upya, ambao haukupata muda wa kutulia. Udongo ukashuka, zege likapasuka, na tangu hapo kila majira ya baridi mafundi walikuwa wakiziba na kubandika. Mwaka 1935, John Cobb alipoweka rekodi ya mzunguko ya kilomita 230 kwa saa, njia ilikuwa na mabonde kiasi kwamba ziko picha za gari lake likiwa hewani, magurudumu yameiacha ardhi kabisa. Mabonde hayo yote yalikuwa yamenunuliwa mwaka 1906, kwa kuokoa miezi michache.

Narudi Ruvu. Tuseme njia ina urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 12, ambao ndio upana wa chini unaotakiwa na FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwa uwanja mpya wa kudumu. Eneo la kutandaza ni mita za mraba 36,000. Tuseme tabaka zote za lami kwa pamoja zina unene wa sentimita 15: hizo ni mita za ujazo 5,400, ambazo kwa uzito ni karibu tani 13,000 za mchanganyiko, na ndani yake kuna takribani tani 650 za bitumini, ile gundi nyeusi inayoshika kokoto. Zidisheni kwa bei ya tani iliyotandazwa ambayo mkandarasi wenu anawapa leo, na mmepata ile jumla ambayo rafiki yangu anaitaka. Ni nyingi, lakini inajulikana.

Udongo wa bondeni kule, kwa sehemu kubwa niliyoiona, ni ule mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi hadi mkono unaingia kwenye ufa, na unaovimba masika hadi kuinua ukuta. Huwezi kuweka njia ya mbio juu yake. Ukiuondoa kwa kina cha mita 1 tu, kwa upana wa mita 16 ili kingo nazo zishike, unachimba mita za ujazo 48,000, na unalazimika kuleta kiasi hicho hicho cha kifusi kizuri. Kwa lori la mita za ujazo 15, hizo ni safari 3,200 za kutoa na 3,200 za kuingiza, kabla hata ya kuhesabu kwamba udongo uliochimbwa huongezeka ujazo na kifusi hupungua kikishindiliwa. Hapo hakuna hata tone la lami lililomwagwa, na barabara ya kijiji ambayo malori hayo yatapita itakuwa imekwisha kuharibika, na kijiji kitataka itengenezwe.

Kutandaza kwenyewe nako si kule tulikozoea. Kwenye barabara ya kawaida tunatandaza nusu moja leo na nusu nyingine kesho, na mshono wa katikati haumsumbui mtu. Kwenye njia ya mbio mshono uliopoa ni kasoro ya hatari, kwa hiyo mashine mbili au tatu za kutandaza hupangwa sambamba, moja nyuma kidogo ya nyingine, ili upana wote ufungwe ukiwa bado wa moto. Kokoto nazo ziwe za jiwe gumu lisilolainika kwa msuguano wa matairi, kwa kuwa lami iliyong'aa inateleza hata ikiwa kavu. Waandaaji wa Indianapolis, Marekani, walijifunza kwa damu kwamba uso wa njia si wa kubahatisha: mbio zao za kwanza za magari, Agosti 1909, zilifanyika juu ya kokoto zilizomwagiwa lami, njia ikafumuka chini ya magurudumu, watu watano wakafa, na kabla mwaka haujaisha walilazimika kutandika upya kwa matofali zaidi ya milioni 3.

Naomba maoni, hasa kutoka kwa wanasheria na wahasibu, kwa sababu hayo mawili siyajui vizuri.

Mhasibu_Kinondoni

Ndugu mleta uzi, nimesoma mara mbili. Nakubaliana na hesabu ya udongo, lakini naona umesimama pale ambapo mhandisi husimama, yaani siku ambayo uwanja umekamilika. Mimi naanzia siku hiyo.

Uwanja ukishajengwa, hata usipoingiza gari moja, una gharama: walinzi, kufyeka nyasi, kuzibua mitaro, umeme, kodi ya ardhi, bima, na riba kama kuna mkopo. Hizo zinatembea siku 365. Mapato yanatembea siku ngapi? Toa masika, toa siku za ukarabati, toa siku za kazi ambazo hakuna mwenye nafasi ya kuendesha gari la mbio. Unabaki na mwisho wa juma wa miezi ya kiangazi. Halafu kila siku ya mbio ina gharama zake: gari la wagonjwa na daktari ambao hawaruhusiwi kuondoka, zimamoto, na waongozaji wa bendera. Kama sikosei, vituo vyao havipaswi kuachana zaidi ya mita 500, kwa hiyo njia ya kilomita 3 inahitaji angalau vituo 6, na kila kimoja watu wasiopungua wawili ambao wamefunzwa, si vijana waliookotwa asubuhi kwa posho ya chai.

Kuna mfano mmoja ambao ningeomba rafiki yako ausome kabla ya kulala. Rockingham, katika mji wa Corby, Uingereza, ulifunguliwa mwaka 2001 kwa makumi ya mamilioni ya pauni za watu binafsi, ukiwa na viti vya watazamaji zaidi ya 50,000. Mnamo Septemba mwaka huo huo wageni wakubwa kutoka Marekani waliletwa na magari yao, na maji yakaanza kuchuruzika kutoka chini ya lami, yakipenya juu kupitia uso wa njia. Siku za majaribio zikapotea na mbio zenyewe zikafupishwa. Viti vile havikujaa tena kwa namna iliyotarajiwa, na mwaka 2018 uwanja ukauzwa. Leo ni mahali pa kuegesha na kuhudumia magari yanayosubiri kuuzwa. Yaani pesa yote ile imetoa maegesho yenye kona nzuri.

Mzee_wa_Safari

Nawasalimu nyote. Mimi ni mtu mzima kidogo, nami nataka kuongeza neno moja tu ambalo vijana huwa hawalifikirii. Kwa nini sehemu hizi tuna historia ndefu ya mbio za magari lakini viwanja vya lami ni vichache mno? Ni kwa sababu Safari Rally, tangu ilipoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ilipita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika zilizokuwapo tayari. Aliyelipia udongo ni serikali, aliyelipia mto ni serikali, na matope ndiyo yaliyokuwa burudani yenyewe. Watazamaji walisimama shambani kwao bila tiketi. Tulirithi mchezo ambao hauhitaji mtu kununua kiwanja, na hata uliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, ulirudi na vumbi lake lile lile. Rafiki yako hashindani na viwanja vingine. Anashindana na mchezo ambao watu wamezoea kuutazama bure.

Wakili_Pembeni

Mleta uzi ametaka wanasheria, basi niseme, kwa jumla tu na bila kuliona faili.

Jambo la kwanza ni mto wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ikiwa shamba linapakana na Ruvu kwa mita 800, ukanda huo ni mita za mraba 48,000, yaani karibu ekari 12 ambazo ziko kwenye hati lakini haziko kwenye mchoro. Na Ruvu si mto wowote tu: ndio unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ambako maji ya Dar es Salaam hutoka. Mafuta, vumbi la matairi na dizeli iliyomwagika kwenye sehemu ya matengenezo vitaoshwa na mvua ya kwanza kuelekea huko. Usitegemee kwamba tathmini ya athari kwa mazingira itakuwa karatasi ya kugongwa muhuri. NEMC, chombo cha serikali cha usimamizi wa mazingira, watauliza mtaro unaishia wapi, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu nao watauliza swali hilo hilo kwa maneno mengine. Kwa hiyo ongeza kwenye hesabu mabwawa ya kutuamisha maji na vitenganishi vya mafuta.

La pili ni matumizi ya ardhi. Kama hati ni ya kilimo, matumizi lazima yabadilishwe kwanza, na kama kipande chochote bado ni ardhi ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji una neno. Mtu asianze kumwaga kifusi akidhani kwamba kibali kitamfuata nyuma.

La tatu ni kelele, na hapa wengi hujidanganya kwa hoja ya "mimi nilitangulia, wao walinikuta". Mahakama zetu zimerithi misingi ya sheria ya kero kutoka kwa Waingereza, na huko kwao hoja hiyo haisimami kama kinga. Mwaka 2014 Mahakama Kuu kabisa ya Uingereza iliamua shauri la watu walionunua nyumba karibu na uwanja wa mbio za pikipiki na magari uliokuwapo kwa miaka mingi, na ikasema kwamba kulikuta jambo hilo hakumnyimi mnunuzi haki ya kulalamika. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Mahakama ya Rufani ilikwisha kuuwekea uwanja wa Croft, kaskazini mwa nchi hiyo, kikomo cha siku 40 za kelele kubwa kwa mwaka. Thruxton, uwanja mwingine wa huko uliojengwa kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa kijeshi, una kikomo cha siku 12 tu za mbio. Mhasibu_Kinondoni atatuambia uwanja unaofanya kazi siku 12 unalipaje mlinzi wa siku 365.

Na kwa kuwa mleta uzi ameanza na Brooklands, ningependa nimalizie kisa chake upande wa sheria. Siku kumi na moja tu baada ya ufunguzi, dereva Selwyn Edge alizunguka pale kwa saa 24 mfululizo, usiku na mchana, kwa mwendo wa wastani wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Ilikuwa rekodi ya ajabu. Majirani, ambao wengi wao walikuwa watu wenye uwezo wa kulipa mawakili, hawakulala, wakaenda mahakamani, na mbio za usiku zikakoma. Baadaye walipotaka kuandaa mbio za saa 24 iliwabidi wazigawe mara mbili, saa 12 leo na saa 12 kesho, magari yakifungiwa usiku kucha. Kuanzia miaka ya 1920 kila gari lililazimika kufungwa kizuia sauti kikubwa.

Gia_ya_Tano

Wakuu, mnanivunja moyo. Mimi nipo upande wa mwenye shamba. Nimefika Kyalami, kati ya Johannesburg na Pretoria, na nawaambia kwamba uwanja binafsi unaweza kuishi. Ule ulijengwa mwaka 1961, ukapata enzi zake za Formula One, ukachoka, sehemu ya ardhi yake ikamezwa na majengo, na mwaka 2014 ukapigwa mnada. Wengi walidhani utanunuliwa na wajenzi wa nyumba. Akaununua Toby Venter, mtu wa Porsche ya Afrika Kusini, kwa randi milioni 205, akaufumua na kuujenga upya, na ukafunguliwa tena mwaka 2016 ukiwa na urefu wa kilomita 4.522. Jina lenyewe limetoka katika Kizulu, likimaanisha nyumbani kwangu, na mtu wa pwani anaisikia "kaya" yake ndani ya neno hilo.

Mhasibu_Kinondoni

Gia_ya_Tano, ahsante kwa mfano, lakini hebu uusome vizuri. Aliyenunua anauza magari ya kifahari. Uwanja kwake ni duka, ni darasa, na ni ukumbi wa mikutano na maonyesho, kwa hiyo siku ambayo hakuna mbio bado kuna mteja. Isitoshe, alinunua kitu ambacho udongo wake ulikuwa umetulia kwa zaidi ya miaka 50, katikati ya ukanda wenye fedha nyingi kuliko mwingine wowote kusini mwa bara hili. Kipi kati ya hivyo kipo Ruvu?

Gia_ya_Tano

Barabara ya kwenda Dar ipo. Lakini nimekuelewa.

Mleta uzi

Ndugu zangu, nawashukuru wote. Nimechukua siku kadhaa kabla ya kujibu kwa sababu nilitaka nirudi shambani kwanza.

Wakili_Pembeni, mita 60 sikuzifahamu kwa usahihi huo, na zimebadilisha mchoro mzima. Kipande kirefu kilichonyooka, ambacho rafiki yangu alikipenda kuliko vyote, kilikuwa sambamba na mto. Ukikisogeza ndani, kona mbili zinakaribiana mno, na eneo la kupokea gari linaloacha njia linapungua. Eneo hilo ndilo ambalo sikulizungumzia vya kutosha mwanzoni. Gari linalokuja kwa kilomita 200 kwa saa likishindwa kufunga breki linahitaji mahali pa kufia pasipo na mtu wala mti: kwanza ukanda mpana, kisha kitanda cha kokoto za mviringo chenye kina cha sentimita 25 hivi, kisha ukuta wa matairi yaliyofungwa pamoja, na nyuma yake uzio wa chuma wenye nguvu kama kuna watazamaji. Kwenye kona ya mwisho wa mnyooko mrefu, eneo hilo linaweza kuwa kubwa kuliko kona yenyewe mara kadhaa. Ekari 150 zinasikika nyingi hadi unapoanza kulichora. Indianapolis ilianza na zaidi ya ekari 300, kwenye ardhi tambarare.

Mzee wangu wa Safari, hoja yako nimempelekea kama ulivyoiandika. Alicheka, kisha akanyamaza kwa muda.

Mhasibu, kuhusu siku za mwaka, Brooklands nao una jibu lake, na si jibu ambalo mpenda mbio atalifurahia. Kilichowaletea wapangaji wa kudumu ni ndege. Uwanja wa wazi katikati ya njia uliwavutia waliokuwa wakijaribu kuruka, vibanda vikajengwa na kukodishwa, shule za urubani zikaja, na wakati wa vita vya kwanza kampuni ya Vickers ilikuwa imekwisha kuweka kiwanda pale. Mbio zilirudi mwaka 1920 baada ya matengenezo, zikaendelea hadi Agosti 1939. Vita vya pili vilipokuja, sehemu ya ukingo ilikatwa ili malori yapite, mabanda yakajengwa juu ya njia yenyewe, na miti ikapandwa ili marubani wa Kijerumani wasiione kutoka juu. Mwaka 1946 mahali pote paliuzwa kwa Vickers-Armstrongs, na hapakufanyika mbio tena. Locke King alikuwa amefariki miaka 20 kabla ya hapo. Donington, uwanja mwingine wa mbio wa Uingereza, nayo iligeuzwa na jeshi kuwa bohari ya magari, ikakaa hivyo kwa miaka mingi hadi mjenzi mmoja, Tom Wheatcroft, alipoinunua mwaka 1971 kwa pauni 100,000 na kuirudisha kwenye mbio mwaka 1977. Waliokuja baadaye na mpango wa kuileta Formula One walichimba mahandaki, fedha hazikupatikana, na mwisho wa mwaka 2009 kampuni yao ilikuwa chini ya mfilisi huku shimo likiwa wazi. Nikitazama Rockingham, Donington na Brooklands kwa pamoja, naona kwamba lami tambarare iliyozungushiwa uzio haikosi mtu wa kuitaka. Tatizo ni kwamba mara nyingi anaitaka kwa kazi nyingine, na kwa bei yake yeye.

Sasa niwaambie nilichofanya. Badala ya kumpa rafiki yangu jumla, nilimwomba fedha ndogo ya kuchimba mashimo matatu ya majaribio, moja upande wa juu wa shamba, moja katikati, moja bondeni, na kuyaacha wazi kwa muda huku tukipima maji kila asubuhi. Ni kazi ya vibarua wanne na mkanda wa kupimia. Naona ajabu kwamba watu wako tayari kulipia mchoro wa rangi wenye magari yanayong'aa kabla hawajalipia shimo la mita mbili, lakini ndivyo ilivyo hata kwenye barabara za kawaida, na nimewahi kuona mradi mmoja, ambao sitautaja, ambako shimo la kwanza la majaribio lilichimbwa baada ya mkataba kusainiwa.

Shimo la juu lilitoa udongo mwekundu wenye changarawe, mkavu hadi chini, udongo ambao ningejenga juu yake bila wasiwasi. La katikati lilikuwa la mchanganyiko. La bondeni, lililo hatua chache kutoka kwenye kile kichuguu, lilikuwa jeusi kuanzia juu hadi chini, na siku ya tatu maji yalisimama kwenye kina cha mita 1.1, ilhali masika bado hayajaanza. Kuondoa mita 1 ya udongo pale ni sawa na kuchimba kisima chenye urefu wa kilomita.

Nilimpigia simu jioni ile ile nikamsomea vipimo. Hakubisha. Aliuliza ni ekari ngapi zilizo kwenye udongo mwekundu, nikamwambia ni kama 40. Akauliza njia ya magari madogo ya mbio, yale ambayo hata watoto wa miaka 8 huanza nayo, inahitaji nini. Nikamweleza kwamba njia ya kilomita 1.2 yenye upana wa mita 8 ni mita za mraba 9,600, chini ya theluthi moja ya ile ya kwanza, kwamba kasi yake ni ndogo kwa hiyo maeneo ya kupokea magari nayo ni madogo, na kwamba injini zake zinaweza kuwa za umeme, jambo litakalompunguzia Wakili_Pembeni kazi.

Akanyamaza tena, kisha akauliza kama upande huo wa juu kuna nafasi ya mnyooko wa mita 200.

Ipo.